SUMBAWANGA HADI DAR ES SALAAM NI MBALI KIASI GANI?

(Maneno aliyoyasema mmoja wa waliosoma zamani, mbele ya wanafunzi, Chanji)



Asubuhi kijana mmoja ameniuliza: "Mzee, Dar es Salaam ni mbali kiasi gani?" Nilimwomba asubiri, kwa sababu swali hilo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la ramani. Sumbawanga ipo karibu na digrii 31.6 mashariki na 8 kusini. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam upo digrii 39.2 mashariki na 6.9 kusini. Tofauti ni digrii 7.6 na 1.1. Huku kwetu digrii moja ni kama kilomita 110, basi tunapata kilomita 836 na 121. Tumieni kanuni ya Pythagoras mliyofundishwa: jibu ni kama kilomita 845. Ndege ya mapanga iendayo kilomita 500 kwa saa itazimaliza kwa saa 1 na dakika 41. Ongezeni muda wa kupanda na kutua, zinakuwa kama saa mbili.

Jibu la pili ni la ardhini. Barabara huzungukia Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, kama kilomita 1,150. Mwaka 1981, nikiwa Dar es Salaam, nililetewa simu ya maandishi kwamba mama ni mgonjwa sana. Nilipanda gari moshi la TAZARA hadi Tunduma, nikangoja lori, nalo likanasa kwenye tope. Nilifika nyumbani siku ya nne. Mama alikuwa amezikwa juzi yake.

Tangu miaka ya 2010 njia ya Tunduma ina lami, na tunashukuru. Lakini mgonjwa mahututi bado huhesabu saa. Ndiyo maana uwanja wa ndege si anasa ya wakubwa.

Tena uwanja wa huku una hesabu yake. Tupo kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mabawa na injini hupata nguvu kidogo kuliko pwani, hivyo ndege hukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka. Anayepanga urefu wa njia ya kurukia bila kulijua hilo atahatarisha watu.

Vijana, hesabu hizo zinawahitaji ninyi. Miongoni mwenu watoke mainjinia, marubani na waganga. Na mtakapokwenda mbali, msingoje habari za ugonjwa ndipo mkumbuke njia ya nyumbani.