MUMIANI, WAZIMAMOTO NA HOFU YA DAMU



Nimeombwa niseme juu ya elimu ile inayochunguza desturi za watu wa mataifa mbalimbali, na hasa mambo wanayoyaamini yasiyoonekana kwa macho. Elimu hiyo ni pana mno, na mtu akitaka kuieleza yote kwa jioni moja atawalaza watu usingizi. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu la mitaa yetu hii ya mashariki ya Nairobi, ambalo wazee wa Pumwani na Shauri Moyo walilisikia tangu utotoni. Nataka kusema habari za wazimamoto.

Kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza watu wengi wa Nairobi waliamini kwamba kazi ya wazimamoto haikuwa kuzima moto peke yake. Ilisemwa kwamba usiku huzunguka na gari lao, humkamata mtu aliye peke yake njiani, humtoa damu, na damu hiyo huuzwa ikafanywe dawa. Pwani watu hao waliitwa mumiani. Penginepo katika Kenya waliitwa kachinja, au chinjachinja. Uganda walisema bazimamoto, Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, walisema banyama, na Katanga batumbula. Haikuwa hadithi ya kuwatisha watoto tu. Mwezi wa Juni, mwaka 1947, kundi la watu lilikishambulia kituo cha wazimamoto cha Mombasa kwa ajili ya uvumi huo, na mwaka 1959 uvumi wa namna hiyo ulizusha ghasia kubwa Buguruni, Dar es Salaam.

Kijana wa leo akisikia hayo huenda akacheka. Asicheke upesi. Mwenye elimu ninayoisema hapa haanzi kwa kuuliza, "Je, ni kweli au ni uongo?" Yeye huuliza kwanza: Nani anasimulia? Anasimulia juu ya nani? Na kwa nini hadithi hii, wala si nyingine? Ndivyo alivyofanya bibi mmoja Mmarekani, Luise White, aliyekuja Pumwani katika miaka ya 1970 kuwauliza akina mama wazee habari za maisha yao ya zamani. Alikuja kwa habari za nyumba na kazi, akasimuliwa pia habari za damu, wala hakuzitupa. Mwaka 2000 alitoa kitabu kizima juu yake.

Hebu basi tujitie katika hali ya mtu aliyetoka kijijini wakati ule akaja mjini kutafuta kazi. Kwao nyumba ikishika moto, majirani wote hukimbilia na maji na mchanga, na kazi ikiisha kila mtu hurudi kwake. Hapa mjini aliona wanaume wamevishwa nguo za namna moja, wanalipwa mshahara, wanakaa kituoni mchana na usiku wakingoja moto usiowaka. Gari lao lina mipira mirefu na mashine ya kuvuta, nalo hutoka usiku wa manane likipiga kengele. Huvuta nini? Hakuna aliyemweleza. Tena mtu huyo huyo alikuwa amevishwa kipande shingoni, jina lake na alama za vidole vyake zimo katika vitabu vya Serikali, na kodi hutolewa kila mwaka. Alipougua akaenda hospitalini, alichomwa sindano, damu yake ikatiwa katika kichupa na kupelekwa chumba kingine, naye akaambiwa arudi kesho. Hapo pia hakuna aliyemweleza.

Mtu wa namna hiyo hakuwa mjinga. Alikuwa akifikiri kwa vitu alivyovikusanya kwa macho yake. Lugha yetu yenyewe ilimsaidia, maana katika Kiswahili anayekula jasho la mwenzake husemwa kwamba anamnyonya damu. Baadaye, katika siasa za Tanganyika na Tanzania, maneno hayo ya mnyonyaji, kupe na mirija yalitangazwa majukwaani mchana kweupe, na hakuna aliyewaita wasemaji washirikina.

Neno mumiani nalo lina historia ya kushangaza. Asili yake ni Uajemi, na maana yake ni kitu kama lami kitokacho katika miamba, kilichotumiwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inasema kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda. Lakini neno hilo hilo lilikwenda Ulaya pia, na huko likatumika kwa maiti zilizokaushwa za Misri. Kwa karne kadhaa wauza dawa wa Ulaya walisaga maiti hizo na kuwauzia wagonjwa unga wake wameze. Mganga mashuhuri wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliikemea dawa hiyo kwa maandishi mwaka 1582, na bado iliendelea kuuzwa muda mrefu baadaye. Basi Mzungu aliyeandika kwa dharau kwamba Waafrika wanadhani Wazungu hutengeneza dawa kwa miili ya watu, hakusoma vizuri habari za babu zake.

Wala si Afrika peke yake iliyomwogopa mgeni namna hii. Katika milima ya Peru, Amerika ya Kusini, wenyeji husimulia habari za pishtaco, mtu wa kigeni anayewachinja watu njiani na kuwatoa mafuta ya mwili. Hofu hiyo ilianza tangu karne ya 16, Wahispania walipoitawala nchi. Zamani mafuta hayo yalisemwa kuwa ya kutengenezea kengele za makanisa, na viwanda vilipokuja, ikawa ni ya kulainishia mashine. Watu wale hawajapata kuonana na watu wa Pumwani hata siku moja.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba hadithi hizi hazimdhuru mtu. Sivyo.

Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, alitoa kitabu mwaka 1937 juu ya Wazande wa Sudan ya Kusini. Aliona kwamba ghala likianguka na kumwua mtu aliyeketi kivulini chake, Wazande hujua vizuri kama wewe na mimi kwamba mchwa walizila nguzo. Wanalouliza wao ni hili: kwa nini limwangukie huyu, na saa ile ile? Na jibu lao huwa na jina la mtu, kwa kawaida jirani. Hapo ndipo pa hatari. Hadithi inayoanza kwa kumsema mkubwa aliye mbali, ambaye hashikiki, mara nyingi huishia kwa mnyonge aliye karibu.

Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Walijenga kwa fedha zao, wakapangisha vyumba, na wengi hawakuwa na waume. Wazimamoto walipotajwa, haikuchukua muda ikasemwa kwamba wako akina mama wanaowaingiza wanaume ndani ili wawauze, na kwamba ndiyo sababu ya utajiri wao. Mwanamke mwenye nyumba na mlango wake mwenyewe alikuwa ametafutiwa maelezo.

Huko Norwich, Uingereza, mtoto mmoja alionekana amekufa mwaka 1144, ikasemwa kwamba Wayahudi wamemwua kwa ibada yao. Uvumi ule ulienea Ulaya, na kwa mamia ya miaka Wayahudi wengi wasio na hatia waliuawa kwa ajili yake. Na msifikiri hayo yamekwisha. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwafanya raia kuwaua watu kadhaa waliowashuku, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka huko.

Hapa kwetu hofu hiyo imebadilisha nguo mara kadhaa. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume, chini ya Askofu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada ya shetani katika Kenya. Mlio wakubwa mnakumbuka mazungumzo ya mabasi ya siku zile: watoto wanaopotea, damu inayonywewa, matajiri ambao hakuna ajuaye walikotoa mali. Mwanamke wa Pumwani wa mwaka 1930 angalizisikia habari hizo, angalizitambua.

Nimeona kule nyuma mzee mmoja ameuinua mkono tangu nilipotaja kachinja, na mwuguzi aliyeketi karibu naye anatabasamu. Saa bado iko. Tumpe mzee nafasi aanze yeye, halafu mwuguzi atueleze kichupa kile hupelekwa chumba gani.