Wimbo wa Kigoma, Fedha za Nani?

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikingoja boti za kwenda vijiji vya kaskazini. Pembeni palikuwa na kibanda cha kuchaji simu, vile ambavyo pia hukujazia nyimbo kwenye kadi ya simu kwa shilingi elfu moja. Spika yake ilikuwa inapiga wimbo ambao kwa miezi kadhaa umesikika kila kona ya mji huu, kuanzia Mwanga sokoni hadi Ujiji. Mara kijana mmoja akanigusa bega.

"Shikamoo kaka. Huo wangu huo."

Nilimkumbuka, maana niliwahi kumhoji redioni. Jina lake nalihifadhi. Alitoa simu akanionyesha picha ya taarifa ya mapato. Kwa miezi 12 wimbo wake ulikuwa umesikilizwa mara 41,000 kwenye majukwaa ya muziki ya mtandaoni, na mapato yake yote yalikuwa dola 58. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 145,000. Kurekodi peke yake kulimla laki mbili, na video hajaihesabu.

"Kaka, wangenipa hata shilingi kumi kumi tu," akasema.

Nilipiga hesabu pale pale. Kila aliposikilizwa mara moja alipata shilingi tatu na nusu. Je, ameibiwa? Swali hili ndilo nililokuja nalo leo mbele ya kipaza sauti, na jibu lake halikukaa pale alipokuwa anadhani, wala pale nilipokuwa nadhani mimi.

Wengi wetu tunaamini kwamba wimbo mtandaoni una bei yake kama soda: ukisikilizwa mara moja, mwenye wimbo anahesabiwa senti zake. Bei hiyo haipo. Chukueni mfano wa Spotify, kampuni iliyozaliwa Sweden na kufika Tanzania Februari 2021. Fedha za wanaolipia kwa mwezi, pamoja na fedha za matangazo, huwekwa kwenye chungu kimoja kwa kila nchi. Kampuni hubakiza kama theluthi moja, na theluthi mbili huenda kwa wenye haki za nyimbo, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake katika usikilizaji wote. Zile dola 3 hadi 5 kwa kila mara 1,000, ambazo watu hupenda kuzitaja, ni matokeo ya kugawa, na zimepandishwa na wasikilizaji wa nchi tajiri. Kwetu huku, ada ya mwezi ni ndogo na wengi husikiliza bure kwa kuvumilia matangazo. Ndiyo maana chungu chetu ni chepesi, na shilingi tatu na nusu si jambo la ajabu.

Hapo kampuni itajitetea, na utetezi wake una nguvu: fedha zikiwa chache ndani ya chungu, atagawa nini? Nakubali. Lakini tazameni jinsi chungu chenyewe kinavyogawanywa.

Tuseme mama mmoja wa Ujiji analipia mwezi, na mwezi mzima anamsikiliza mwimbaji mmoja tu wa taarabu, mara 20. Kijana mmoja wa Dar es Salaam naye analipa ada ile ile, lakini simu yake haizimwi. Anasikiliza nyimbo za Lagos na Atlanta mara 980. Jumla ni mara 1,000. Kwa utaratibu wa chungu kimoja, mwimbaji wa taarabu anapata mafungu 2 katika kila 100, ingawa nusu ya fedha zote zimetoka kwenye pochi ya yule mama! Mama wa Ujiji amemlipa mtu wa Atlanta ambaye hajawahi kumsikia, na wala hakuulizwa.

Mimi hilo nasema si haki, hata kama hesabu imeandikwa vizuri na hakuna senti iliyopotea. Ni tofauti na shilingi tatu na nusu. Udogo wa malipo unatokana na umaskini wa soko letu. Njia ya fedha hiyo imechaguliwa na watu, na watu wanaweza kuchagua nyingine. SoundCloud mwaka 2021 ilianza kuwalipa baadhi ya wanamuziki wake kwa kufuata fedha za kila msikilizaji peke yake, mama wa Ujiji kwa mwimbaji wake, kijana wa Dar kwa wake. Siwadanganyi kwamba utaratibu huo ungemjengea kijana wetu nyumba. Pengine ungemwongezea elfu chache tu. Lakini zingekuwa elfu za watu wake.

Badala ya kwenda huko, mambo yamekwenda kinyume. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haikufikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Sababu waliyoitoa ni kwamba visenti hivyo vilikuwa vinakwama kwa mawakala bila kumfikia msanii. Sawa. Ila visenti hivyo havikurudishwa kwa msikilizaji. Vimebaki kwenye chungu na kugawiwa waliovuka mstari. Binti wa Kasulu anayeimba Kiha, akasikilizwa mara 900 na watu wa kijiji chake waliotawanyika mijini, sasa anachangia mfuko wa wakubwa.

Wala malalamiko haya si ya wanyonge wa ziwani peke yao. Mwaka 2021 kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza biashara hii ikakuta kwamba, kwa kukadiria, jukwaa hubaki na asilimia 30, upande wa rekodi huchukua 55 na upande wa utunzi 15. Kamati ilitaka mfumo wote upangwe upya. Katika ile 55 ndimo zimo kampuni za kurekodi, na mwimbaji hupata kile mkataba wake unachosema. Kwa maneno mengine, kabla hatujamshika shati tajiri wa Sweden, inafaa kuuliza nani amekaa katikati.

Hapo ndipo nilipomuuliza kijana wangu swali dogo: fedha hizo 145,000 ulizipokea lini?

Hakuzipokea. Akaunti iliyopandisha wimbo mtandaoni ni ya mwenye studio, ambaye siku hizi amehamia Dar es Salaam. Taarifa aliyonionyesha ni picha aliyotumiwa baada ya kuomba mara nyingi. Mkataba? Akacheka. "Tulielewana kwa mdomo, kaka. Alikuwa kama ndugu."

Wavuvi wa dagaa mwalo huo huo wa Kibirizi wana mgawo wao. Mwenye chombo hutoa gharama za mafuta na taa, huchukua fungu lake, kinachobaki ni cha vijana walioshinda usiku majini. Mvuvi hunung'unika, na mara nyingi ana haki ya kunung'unika. Lakini ameiona samaki ikishuka, ameona mabeseni, anajua bei ya asubuhi. Mwimbaji wetu haoni beseni. Anaoneshwa picha ya beseni.

Na hili, ndugu msikilizaji, si jipya. Wakati wa kaseti maduka yalirudufu nyimbo za bendi zetu kwa maelfu. Marijani Rajab, ambaye nchi nzima iliimba naye, alifariki mwaka 1995 akiwa hana mali ya kulingana na jina lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikaja mwaka 1999. Kisha ikaja miito ya simu, na Zitto Kabwe, wakati ule mbunge wa Kigoma Kaskazini, alilipigia kelele fungu dogo la msanii. Kila chombo kipya kinapokuja tunadhani sasa mwimbaji atapona. Tofauti moja naikubali kwa moyo mweupe: kaseti ilikuwa haihesabu, simu inahesabu. Mara 41,000 ni ushahidi. Marijani hakuwa na karatasi kama hiyo.

Mkoa huu unatajwa sana kwenye muziki. Diamond Platnumz na Alikiba wote wana asili ya Kigoma, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya hapa walikusanyika wakaimba pamoja kwa jina la Kigoma All Stars. Vijana wanawatazama hao wakidhani mtandao ndio uliowatajirisha. Mtandao umewatangaza. Fedha nene ziko kwenye majukwaa ya maonyesho na mikataba ya matangazo ya biashara. Diamond mwenyewe mwaka 2017 alianzisha Wasafi.com, duka lake la kuuza nyimbo. Mtu aliyeridhika na maduka ya wengine asingejisumbua.

Sasa nigeuke nijitazame na mimi, maana msemaji asiyejitaja hana haya. Kituo nilichoanzia kazi kilipiga nyimbo za watu kutwa kucha kwa miaka, na sikumbuki siku hata moja tuliyoandika orodha ya tulichopiga ili mwenyewe alipwe. Tulimwambia msanii ashukuru kwa kutangazwa. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000, na wengi wakasema ni kidogo, kama laki tatu kila mmoja kwa wastani. Ni kidogo kweli. Lakini ni kidogo pia kwa sababu watu kama mimi hatukuandika. Spotify, pamoja na lawama zote nilizoitupia leo, imemhesabia kijana huyu shilingi tatu na nusu. Mimi nimeupiga wimbo wake mara nisizojua idadi, nikamlipa sifuri.

Nilimwambia mambo mawili tu. Asajili kazi yake COSOTA kwa jina lake, kwa kuwa sheria inamtambua mtunzi kuwa mwenye haki ya kwanza. Na wimbo ujao aupandishe kwa akaunti yake mwenyewe, hata ikibidi kukopa ada ya wakala. Kuhusu huu wa sasa, alisema atampigia tena mwenye studio. Sikuona imani usoni pake.

Boti ikafika. Alikuwa anakwenda kuimba kwenye harusi Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, na vijana wawili walikuwa wamembebea spika iliyofungwa kwa nailoni isilowe. Nikamuuliza harusi inalipa kiasi gani. Laki mbili, akasema, na nusu ameshapewa mkononi. Akaruka ndani ya boti, akakaa juu ya spika yake. Kule kibandani mteja mwingine alikuwa anajaziwa kadi, na wimbo wake ulikuwa umerudiwa tangu mwanzo.