Wamama wetu wasikufe na maumivu: maneno tuliyosema Butembo



Asanteni kwa kuja hata kama barabara ni matope tu. Mimi siko munganga. Nina lisansi katika afya ya jamii, na huu ni mwaka wa tatu natembea na diploma kwenye mfuko bila kazi. Wakati ninao mwingi, basi ninasoma. Leo nitasema kitu nilichokiona nyumbani, halafu kitu nilichosoma.

Mama mdogo wangu alikuwa anauza unga wa muhogo sokoni. Alianza kutoka damu nje ya siku zake, akafikiri ni umri. Alipofika kwa munganga, kanseri ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshaenda mbali. Wakamwambia anahitaji mashini ya mionzi. Huku kwetu haiko. Lazima avuke Kasindi, aende Kampala. Familia ikahesabu franga, ikakosa. Akarudi kulala nyumbani, miezi minne.

Usiku alikuwa analia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Tulikuwa tumepewa parasetamol. Nilipouliza juu ya morfini, niliambiwa: hiyo ni kama bangi, atazoea. Wandugu, atazoea lini? Mtu mwenye wiki chache za kuishi?

Nikaenda kwenye farmasi ya kona, nikanunua tramadol. Hakuna aliyeniomba karatasi ya munganga. Mbele yangu kulikuwa kijana mwenzetu, dereva wa moto, naye alinunua ileile, ili ameze na bia, apate nguvu ya kuendesha mpaka usiku. Tulilipa bei moja. Mimi nilikuwa nanunua kwa ajili ya mgonjwa, yeye kwa ajili ya kujiharibu, na muuzaji hakuona tofauti.

Tangu siku ile nilitaka kujua: huu woga wa morfini unatoka wapi?

Nikaona kwamba woga wenyewe haukutoka hewani. Huko Marekani waganga walitoa dawa za maumivu za jamii ya morfini kama karanga, watu wengi sana wakazoea, wengi wakafa. Kwa hiyo watafiti wakaanza kupima. Kwenye hospitali ya kanseri ya Roswell Park, mji wa Buffalo, walifuata wanawake waliopasuliwa kwa magonjwa ya kizazi na mayai ya uzazi. Zamani, mwanamke aliyefunguliwa tumbo alikuwa anarudi nyumbani na vidonge kama 44. Wakapunguza mpaka kama 12. Maumivu hayakuongezeka. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018.

Huo ni utafiti mzuri, na mimi naukubali. Unatuambia kwamba kidonge kinachobaki kwenye kabati kinaweza kuwa hatari, kwa mgonjwa na kwa watoto wa nyumba. Lakini angalieni vizuri ulikuwa unamhusu nani: mwanamke aliyepasuliwa, kidonda kinapona, maumivu yanaisha siku baada ya siku. Haumhusu mama mdogo wangu. Kwake kanseri ilikuwa inaongezeka kila wiki, na maumivu pamoja nayo. Mtu akichukua dawa ya ugonjwa mmoja na kuipeleka kwa mwingine, tunasema amekosea. Basi na woga ni vilevile.

Kuna tena kitu kingine. Kwa miaka mingi waganga wa kule walitumia karatasi ya maswali ili kujua nani anaweza kuzoea dawa: kama wewe au familia mna historia ya pombe na madawa, una umri gani, una ugonjwa wa akili. Na kwa mwanamke kulikuwa swali la zaidi: kama ulibakwa ukiwa mtoto. Fikirini hiyo karatasi hapa Kivu! Baada ya yote tuliyopitia, wamama wangapi wangeandikwa "hatari"? Mwaka 2019 watafiti walitoa namna mpya ya karatasi hiyo, na lile swali liliondolewa. Sawa. Na hata pale mtu anapoonekana yuko hatarini, kazi ya karatasi ni kumfuata karibu zaidi: dozi ndogo, siku chache, kuonana mara kwa mara. Haikuandikwa ili mtu anyimwe.

Sasa tuangalie upande wetu. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilitoa ripoti ya tume juu ya maumivu duniani. Kila mwaka zilikuwa zinagawanywa tani kama 298 za dawa za jamii ya morfini. Nchi maskini zote pamoja zilipata kilo 100 tu, yaani sehemu moja ya kumi ya tani moja. Wao wanapigana na wingi. Sisi tunakufa na ukosefu, halafu tunatumia woga wao.

Na kwa nini tramadol imejaa mtaani? Morfini inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, inaingia kwa vibali na hesabu. Tramadol haikuwekwa kwenye ule mkataba, kwa hiyo inapita kirahisi. Ikizidi inaweza kuangusha mtu kama kifafa, vijana mnajua, mmeona. Lakini ule mkataba wenyewe unasema wazi kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kupunguza maumivu, na nchi zihakikishe zinapatikana. Morfini iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu orodha ya kwanza, mwaka 1977.

Mtasema: hiyo ni ya nchi tajiri. Hapana. Ng'ambo ya Kasindi, Uganda, morfini ya kunywa inatengenezwa kwa unga na maji, bei ndogo, mgonjwa anapewa bure. Tangu 2004 muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo anaruhusiwa kuiandika, bila kungoja munganga. Mgonjwa anakunywa kwa saa, si kungoja mpaka alie. Watu wetu wanavuka pale kila siku kwa biashara. Hatuwezi kuvusha na wazo?

Kwa hiyo sisi vijana tunadai mambo manne, kwa amani, na hatutachoka kuyarudilia:

1. Kila hospitali kubwa ya zone ya afya iwe na morfini ya kunywa, na kitabu cha hesabu, ili isiibiwe.

2. Wauguzi wafundishwe kupima maumivu, kutoa dozi, na kutambua mtu anayeanza kuzoea.

3. Tramadol isiuzwe bila karatasi ya munganga. Na kijana aliyekwisha kuzoea apelekwe kwa matunzo, asipelekwe kwenye kashoo kulipa franga.

4. Wamama wapimwe mlango wa kizazi mapema. OMS inaomba wanawake 70 kwa 100 wapimwe kabla ya miaka 35, na tena kabla ya 45, ifikapo 2030. Mama mdogo alikufa na miaka 47. Hakupimwa hata mara moja.

Wandugu, wiki ijayo tutapeleka barua hii kwa wakubwa wa afya, kwa miguu. Nani atakuja? Mwenye mama nyumbani aje. Aliyemzika aje pia.