Tuwaandike Wazee Wetu kwa Majina Yao

Nakala ya hotuba ya afisa wa maktaba wa kaunti kwa wanachama wa vyama vya historia vya mitaa, Mombasa

 

Nianze na Muyaka bin Haji, malenga wetu aliyefariki yapata mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor yako London, katika maktaba ya SOAS. Sasa ukimtafuta Muyaka kwenye katalogi ya mtandaoni, utaandika nini? Muyaka? Muyaka bin Haji? Muyaka wa Mwinyi Haji? Desturi ya Kizungu ni kutanguliza jina la mwisho, kwa hivyo huenda akawekwa chini ya "Haji". Haji ni babake! Hapa Mombasa nani angemtafuta huko?

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha kazi ya katalogi. Kompyuta haijui kwamba Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Mwanakupona ni kitu kimoja mpaka mtu aiambie. Mkutubi huchagua namna moja ya kuandika jina, kisha huziunganisha nalo namna nyingine zote, ili kila atafutaye afike palepale. Lakini mkutubi hawezi kubuni. Lakabu, jina la nyumba, jina la mtaa kabla haujabadilishwa: hayo mnayajua ninyi, na wengi wanaoyajua ni watu wazima sana.

Najua kwenye masanduku yenu mna hati za mashamba, barua, vitabu vya dini vya mkono, picha za harusi. Najua pia kwa nini wengine hawataki kuyafungua. Kila mtaa una kisa cha mgeni aliyeazima kitabu na asirudi. Wana haki ya kuogopa. Ila kuandikwa katika katalogi si kunyang'anywa. Katalogi husema kitu kipo, ni cha nani na nani aruhusiwa kukiona. Chenyewe chaweza kubaki kabatini mwako.

Tazameni Msikiti wa Riyadha, Lamu. Miswada yake ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Huo ni mfano mzuri. Lakini Oktoba 2023 mitambo ya British Library ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na katalogi yake kuu haikurudi hewani hadi Januari 2024. Kwa hivyo nakala ikienda ng'ambo, nyingine ikae hapa.

Programu zipo. Koha, kwa mfano, haiuzwi; ilitengenezwa New Zealand kwa maktaba za Horowhenua, ikaanza kutumika mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. (Wala halihusiani na kukohoa, ingawa wenye bajeti hukohoa wakisikia.) Bure ni programu tu. Umeme, mtambo wa kuhifadhia na mshahara wa anayekagua rekodi si bure. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka maktaba na makumbusho mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hatuwezi kuinyoshea Nairobi kidole.

Msisubiri kompyuta. Anzeni na daftari. Kila kitu kipewe namba, kisha andikeni mwenyewe ni nani, nyumbani kinaitwaje, lugha na herufi zake, na ruhusa ya kukiona. Tarehe ikiwa ya Hijria, iacheni kama ilivyo. Kuigeuza ni kazi ya baadaye. Namba iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ya kutia ndani, si juu ya mswada. Selotepu msiitumie kabisa, hugeuka manjano na kula karatasi. Na ninyi vijana wenye simu, msipige picha kabla ya namba: picha mia mbili zisizo na namba hakuna atakayezipanga, na mzee aliyejua ni za nani huenda hatakuwepo kuulizwa.