KUNOA VYOMBO VYA SEREMALA
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka, Eldoret



Tumeombwa tuseme juu ya vijana wetu wanaojifunza useremala, nasi tumeona heri tuanze na jambo lionekanalo dogo, nalo ni makali ya vyombo.

Mji wetu, uliopata jina la Eldoret mwaka 1912 na kufikiwa na reli mwaka 1924, umeishi na mbao tangu zamani. Lakini Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya mbao ikapanda. Hapo mafundi walijifunza kwamba ubao ulioharibiwa ni hasara isiyolipika. Patasi butu hula faida kuliko mwizi. Tena hula vidole, kwa maana asiye na makali hutumia nguvu, na nguvu ikiteleza haichagui.

Kunoa kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kwenye cherehe, ili kurudisha mteremko wa chuma. Kwa randa na patasi mteremko huo huwa wa digrii 25 hivi. Hapa haraka ndiyo adui. Chuma kikishika moto hata ncha ikageuka buluu, ugumu wake umekwisha, wala hakitadumu na makali mpaka sehemu ile iondolewe. Kwa hiyo kichovye majini mara kwa mara, wala usikikandamize.

Ya pili ni kwenye kinoo. Kiinue chuma kidogo, kifike digrii 30 hivi, ukisugue kwa upana wote wa jiwe, lisije likafanya bonde katikati. Ukihisi ukingo mwembamba uliopinda upande wa nyuma, ujue umefika. Kigeuze, ukilaze bapa kabisa juu ya jiwe, uuondoe ukingo ule. Mgongo wa patasi usiponyooka, hapana makali.

Msumeno nao una sheria yake. Katika meno ya msumeno wa kupasulia, tupa ya pembe tatu hupita moja kwa moja. Katika ule wa kukatia mbao kwa kukingama, hupita mshazari, ili kila jino liwe kama kisu kidogo.

Wengine watasema kwamba mashine zimekuja. Ni kweli, nasi twazifurahia. Lakini mashine haifiki katika kila pembe na kila ungio. Umeme ukikatika, patasi haikatiki. Na visu vya mashine navyo hunolewa.

Basi twaomba chama kinunue cherehe moja ya mkono, vinoo vichache vyenye nyuso mbili, na tupa. Viwekwe mahali pamoja, na fundi mzee mmoja aombwe kuwafundisha vijana kila Jumamosi. Kijana asiye na fedha za kununua vyombo vipya aweza kuviponya vikuukuu alivyorithi kwa baba yake, akapata riziki kwavyo.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Nasi twaongeza: kwa shoka lililonolewa. Neno hili twaliacha mbele yenu mlikate.