Ukibonyeza na Barua Isibadilike

Wiki hii naomba nianze kwa kujishitaki mwenyewe.

Mimi ni mtunza fedha wa kamati ya wazazi katika shule moja hapa Mpanda. Mwanzoni mwa muhula tuliagiza madaftari kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Akaniletea barua pepe yenye kitufe kilichoandikwa "Thibitisha", na juu yake maneno "Agizo linasubiri". Nikabonyeza. Maneno yakabaki yale yale. Nikasema moyoni, huu ni mtandao wetu wa Mpanda. Nikabonyeza tena. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikabonyeza mara ya tatu.

Madaftari yakaja mara tatu. Na fedha katika akaunti ya kamati zikakatwa mara tatu. Zilikuwa fedha za wazazi, wengine wao waliuza debe la mahindi ili wachange. Muuzaji alizirudisha baada ya mwezi mzima wa kupigiana simu, lakini gharama ya kusafirisha mzigo ule wa ziada haikurudi. Siku ya kikao nilisimama mbele ya wazazi nikiwa sina pa kuangalia.

Nikaamua kuuliza wanaojua. Nilichojifunza ndicho ninachokuletea leo.

Barua pepe tuliyoizoea ni kama barua ya karatasi. Ikishaandikwa, haibadiliki. Lakini kampuni ya Microsoft tangu mwaka 2017, katika Outlook, na Google tangu mwaka 2019, katika Gmail, ziliruhusu barua za aina nyingine. Hizi zina vitufe ndani, na kila ukizifungua huweza kuuliza kompyuta ya aliyezituma, yaani seva, hali ikoje sasa, kisha zikaonyesha jibu jipya.

Barua ya namna hiyo ni sawa na ubao wa chaki wa stesheni. Sisi watu wa Mpanda ni watu wa treni. Reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210, ilifika kwetu mwaka 1950 ikifuata madini ya risasi. Ubao ukiandikwa kwamba treni itafika saa mbili, kisha treni ikachelewa na asitokee wa kufuta chaki, ubao utaendelea kusema saa mbili. Treni haisomi ubao. Vivyo hivyo, agizo langu lilikwenda mara ya kwanza tu nilipobonyeza. Kilichokwama ni chaki.

Je, kwa nini chaki hukwama? Kwanza, seva ya mtumaji huenda inajibu polepole. Microsoft huitaka ijibu ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, unaonyeshwa sura ya zamani. Pili, seva huenda ikapokea agizo lakini isirudishe sura mpya, kwa sababu fundi hakuiandalia. Tatu, programu unayosomea huenda haizijui barua hizi, ikakuonyesha maandishi ya kawaida yasiyobadilika. Nne, ukimpelekea mwenzako barua hiyo katika Gmail, uhai wake hubaki kwako. Hata kwako, baada ya siku 30 huwa barua ya kawaida.

Umeona, ndugu msikilizaji? Katika sababu zote hizo sijaitaja Mpanda. Ni kweli mtandao wetu nao husumbua, na bila mtandao barua haiwezi kuuliza chochote. Lakini sisi wa Katavi tumezoea kujilaumu kwamba tuko mbali, hata pale kosa linapokuwa mezani kwa fundi wa mjini.

Basi ufanye nini? Ukibonyeza mara moja, inua kidole. Funga barua, kisha ifungue upya. Ikibaki vile vile, ingia katika akaunti yako ya barua pepe kwa kompyuta, uitazame huko. Angalia kama umeletewa barua nyingine ya kuthibitisha, au ujumbe wa benki. Ukiwa bado na shaka, piga simu uulize kabla ya kubonyeza tena.

Na ninyi mnaotuma barua hizi, nawaomba mambo matatu. Kila agizo lipewe namba yake, ili mtu akibonyeza mara kumi lihesabiwe moja. Kitufe kikishabonyezwa, kiondoeni. Na andikeni saa ambayo hali hiyo ilisomwa, msomaji ajue kama chaki ni ya leo au ya juzi.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na wazazi ndio waliolipa. Wewe uliza mapema.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.