Majina ya Ramani Yanapohamia Kwenye Kompyuta

Mwalimu wa darasa, kama unayo ramani ya wilaya, itundike ukutani sasa, mahali ambapo wote wataiona. Kila mmoja awe na rula, penseli na daftari.

Itazame ramani. Utaona nukta ndogo, na kando yake jina la kijiji. Sasa nakuuliza: kijiji kiko wapi, penye nukta au penye jina? Kiko penye nukta. Jina limeandikwa pale palipokuwa na nafasi. Mchoraji aliona barabara huku na mto kule, akalisogeza jina pembeni ili lisomeke. Wewe walijua jambo hilo kwa kutazama tu. Kompyuta hailijui mpaka iambiwe.

Siku hizi ramani nyingi zimo ndani ya kompyuta, katika ghala la habari liitwalo hifadhidata. Humo kila kitu kina mstari wake, kama daftari la mwenye duka: jina la kijiji, idadi ya watu, visima, na mahali kilipo. Ukiuliza ni vijiji vipi vilivyo mbali na zahanati, utajibiwa mara moja. Lakini faili za zamani hazikupangwa hivyo. Programu za ArcInfo na AutoCAD, ambazo zote zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuwa na namna ya kuhifadhi maandishi kama sehemu ya mchoro: herufi zenyewe, kimo chake, jinsi zilivyoinama, na mahali zinapoanzia. Kwamba herufi hizo ni jina la kijiji fulani, mara nyingi faili halikusema.

Basi tuseme fundi anayahamisha maandishi hayo kwenye hifadhidata mpya. Kwa haraka, anapafanya pale jina linapoanzia kuwa ndipo kilipo kijiji. Chukua rula tufanye hesabu. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo ni skeli ya karatasi nyingi za ramani za Tanzania na Kenya, sentimita 1 ni meta 500 ardhini. Jina likianzia sentimita 3 kutoka kwenye nukta, kijiji kimehamishwa kilometa 1 na nusu, wala hakuna mtu aliyefunga mzigo! Gari la wagonjwa likifuata hesabu hiyo usiku litasimama porini, pengine upande wa pili wa mto usio na daraja.

Afanyeje, basi? Maandishi ayaingize kama maandishi, na nukta aziingize kama nukta. Kisha kompyuta itafute nukta iliyo karibu na kila jina, na mtu azikague jozi hizo moja moja. Kazi hii inachosha, lakini asiiruke. Vijiji vitatu vikikaa karibu karibu, nukta iliyo karibu na jina huenda ikawa ya jirani.

Tena kuna majina yaliyokatwa. Karibu na Ziwa Manyara uko mji uitwao Mto wa Mbu. Ikiwa mchoraji aliyatenganisha maneno hayo apate nafasi, faili laweza kuwa na vipande vitatu: "Mto", "wa", na "Mbu". Kompyuta itahesabu majina matatu. Na fundi asiyejua Kiswahili, hata akiviunganisha, aweza kuutia mji huo katika orodha ya mito. Kwa maoni yangu, kazi hii isifanywe na mjuzi wa mashine peke yake. Akae naye mtu anayeijua lugha ya mahali pale.

Chukua pia jina la Ng'ambo, huko Unguja. Katika lugha ya kuulizia hifadhidata, maneno hufungwa kwa alama ileile iliyo kati ya "Ng" na "ambo". Ukiliandika jina kama lilivyo, mashine itadhani neno limekwisha penye "Ng". Dawa yake ni ndogo: andika alama hiyo mara mbili, Ng''ambo, nayo itafahamu.

Neno moja juu ya kimo cha herufi. Herufi ya milimita 2 katika skeli ya 1:50,000 imehifadhiwa kama kitu chenye kimo cha meta 100 ardhini. Ramani hiyo ikichapwa kwa skeli ya 1:250,000, herufi itapungua kuwa milimita 0.4, na hakuna atakayeisoma. Kwa hiyo skeli ya asili iandikwe pamoja na maandishi.

Kazi ya nyumbani: Chagua majina matano katika ramani ya darasa. Pima kutoka herufi ya kwanza ya kila jina hadi nukta yake, kisha geuza sentimita kuwa meta kwa kufuata skeli. Pima tena kutoka herufi ile hadi nukta ya kijiji cha jirani, uandike ipi iliyo karibu zaidi. Daftari zikusanywe kabla ya somo lijalo. Kwa herini.